Hamira nyekundu za nchi za baridi: Je, zaweza kutupatia rangi salama ya chakula?

Mtazame mtoto anayetoka dukani na mfuko wa mabuyu. Kabla hajafika nyumbani, vidole vyake vimekuwa vyekundu, midomo myekundu, na ulimi kama wa mtu aliyelamba wino. Mtazame na mwenzake aliyenunuliwa maji matamu ya rangi ya chungwa yaliyogandishwa kwenye karatasi ya nailoni. Rangi hizo hazikutoka mbuyuni wala mchungwani. Zilitiwa na mtu, na mara nyingi zilitengenezwa kiwandani kwa kemikali ambazo asili yake ni mafuta ya petroli.

Wazazi wengi huniuliza kama rangi hizo zaweza kumdhuru mtoto. Hilo ni swali zuri na nitalijibu hapa. Lakini kuna swali la pili ambalo watu hawaliulizi sana: kama hatuzitaki hizo, basi tutumie zipi? Binadamu hula kwa macho kabla ya kula kwa mdomo, na hakuna mwenye kiwanda atakayekubali kuuza peremende za rangi ya unga wa muhogo. Mojawapo ya majibu ambayo wanasayansi wamekuwa wakiyachunguza kwa miaka mingi limetoka mahali pasipotarajiwa, nako ni kwenye hamira zinazoishi katika baridi kali, penye theluji, barafu na misitu ya milimani.

HAMIRA NI NINI?

Hamira unayoijua ni ile ya kuumulia mandazi na mkate. Ile chengachenga kavu ni viumbe hai vidogo mno, vya jamii ya kuvu, ambavyo haviwezi kuonekana bila ya darubini. Ukivipatia sukari na maji ya uvuguvugu vinaamka, vinakula, vinazaana na kutoa hewa inayoufanya unga uumuke.

Hiyo ni aina moja tu. Zipo aina nyingi sana za hamira duniani: kwenye maganda ya matunda, katika udongo, baharini, kwenye ngozi zetu na hata ndani ya miili yetu. Ule utando mweupe unaotokea mdomoni mwa mtoto mchanga, au mwa mtu ambaye kinga yake imepungua, husababishwa na hamira iitwayo Candida.

Hamira ya mkate haina rangi ya kuvutia. Lakini zipo nyingine ambazo ukizikuza maabara kwenye kisahani zinatoa madoa ya rangi ya waridi, ya chungwa, au nyekundu kama nyanya mbivu. Rangi hizo ni za kundi la kemikali liitwalo karotenoidi. Usiogope jina hilo. Karotenoidi ndizo zinazoipa karoti rangi yake, na nyanya, embe, papai, boga, mafuta ya mawese na kiini cha yai pia. Mimea huzitengeneza, na baadhi ya kuvu na bakteria pia huzitengeneza. Sisi binadamu na takriban wanyama wote hatuwezi. Hatuna budi kuzila.

KWA NINI BARIDI HULETA RANGI

Utauliza, kwa nini hamira ijisumbue kujipaka rangi mahali ambapo hakuna wa kuitazama? Jibu ni kwamba rangi hiyo ni kinga yake.

Fikiria maisha juu ya theluji, mlimani au kule Antaktika. Kwanza kuna jua. Watu hudhani penye baridi jua halina nguvu, kumbe sivyo. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inayochuja miale mikali ya jua inavyopungua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho lakini inayounguza ngozi, huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Isitoshe, theluji mpya yaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya miale hiyo, hivyo kiumbe kilicho hapo huchomwa kutoka juu na kutoka chini. Aliyewahi kupanda Mlima Kenya hadi penye barafu bila ya miwani ya jua anajua ninachosema.

Pili kuna oksijeni. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Oksijeni ni uhai, lakini ikipigwa na miale mikali hugeuka na kuzaa chembechembe korofi zinazoshambulia mafuta, protini na chembe za urithi. Ni jambo linalofanana na kutu kwenye chuma. Karotenoidi hujitupa mbele ya chembechembe hizo na kuzizima kabla hazijaharibu kitu.

Tatu ni baridi yenyewe. Kila chembe hai imezungukwa na utando wa mafuta. Umewahi kuona mafuta ya nazi yakiganda asubuhi ya baridi? Utando wa chembe nao huelekea kuwa mgumu vivyo hivyo baridi ikizidi, na chembe yenye utando mgumu haiwezi kupitisha chakula wala taka. Hamira za nchi za baridi hubadilisha aina ya mafuta yake ili utando ubaki laini. Karotenoidi, ambazo huyeyuka katika mafuta na si katika maji, hukaa humo ndani ya utando zikisaidia kuulinda na kuuimarisha.

Baadhi ya hamira hizo zina pia kemikali zisizo na rangi, ziitwazo maikosporini, ambazo hunyonya miale ya urujuanimno kama yanavyofanya mafuta ya kujikinga na jua yauzwayo katika maduka ya dawa. Watengenezaji wa vipodozi wamezitupia jicho.

MTAALAMU ALIYEKWANGUA UTOMVU WA MITI

Hamira maarufu zaidi katika kundi hili iligunduliwa na Herman Phaff, mtaalamu mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, Marekani. Katika miaka ya 1960 alizunguka misitu ya milimani ya Japani na ya Alaska akikusanya utomvu uliokuwa ukivuja kwenye majeraha ya miti. Utomvu huo una sukari, na penye sukari hapakosi hamira. Miongoni mwa alizozipata ilikuwamo moja nyekundu iliyoishi hasa kwenye miti ya birch.

Mwaka wa 1976 hamira hiyo ilipewa jina la Phaffia rhodozyma, kwa heshima yake. Mwaka wa 1995, baada ya kugunduliwa kwamba ina njia ya kuzaana kijinsia, umbo lake hilo lilipewa jina refu la Xanthophyllomyces dendrorhous. Majina yote mawili utayakuta vitabuni, na katika makala haya nitaiita Phaffia tu.

Kilichowashangaza wataalamu ni aina ya rangi waliyoikuta ndani yake. Hamira nyekundu nyingine zilizojulikana, kama vile zile za kundi la Rhodotorula, zina beta-karotini na rangi nyingine mbili ziitwazo torulini na torularodini. Phaffia ilikuwa na astaksanthini, rangi ambayo mpaka hapo ilihusishwa zaidi na wanyama wa majini.

Wewe mwenyewe umekwisha kuiona astaksanthini. Kambamti akiwa hai baharini ana rangi ya samawati iliyokoza au kijani cheusi, lakini ukimtia katika maji yanayochemka anageuka mwekundu. Rangi ile nyekundu ilikuwamo mwilini mwake wakati wote, ila ilikuwa imefungwa ndani ya protini iliyoificha. Moto unapoivunja protini, astaksanthini hujitokeza. Flamingo wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria nao hupata uwaridi wao kutokana na karotenoidi zilizomo katika viumbe vidogo wanavyochuja majini. Mnyime flamingo chakula hicho, na manyoya yake mapya yataota meupe.

Wanasayansi hawakukomea Japani na Alaska. Mwaka wa 2007 watafiti walieleza habari za Phaffia waliyoipata Patagonia, kusini mwa Argentina, katika misitu ya baridi iliyo mbali kabisa na ile ya Phaff. Kama wewe ni mpenzi wa bia utafurahi kujua kwamba katika misitu hiyohiyo ndiko ilikopatikana, mwaka wa 2011, hamira iliyo mzazi mmoja wa ile inayotumiwa kutengeneza bia aina ya lager. Mzazi huyo ndiye aliyeirithisha uwezo wa kufanya kazi kwenye baridi.

KUTOKA MSITUNI HADI SAHANINI

Samaki aitwaye samoni ana nyama ya rangi ya waridi kwa sababu akiwa baharini hula viumbe vidogo vyenye astaksanthini. Samoni wanaofugwa katika vizimba, ambao ndio wengi katika masoko ya Ulaya na Marekani, hawali viumbe hivyo. Wasipotiliwa rangi katika chakula chao, nyama yao huwa ya kijivu na wanunuzi huikataa. Ndiyo maana wafugaji hununua astaksanthini kwa wingi. Sehemu kubwa ya rangi hiyo hutengenezwa kwa kemikali viwandani, na nyingine hutoka kwa mwani na kwa Phaffia.

Mwaka wa 2000, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha Phaffia itumiwe katika chakula cha samaki wa jamii ya samoni, ambayo ni pamoja na trauti, samaki anayefugwa pia katika mito baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua. Masharti ni kwamba astaksanthini isizidi miligramu 80 kwa kila kilo ya chakula hicho.

Kazi haikuwa rahisi. Phaffia ya msituni huwa na astaksanthini kidogo mno, takriban miligramu 200 hadi 400 kwa kilo moja ya hamira kavu. Masharti ya Marekani yanataka hamira inayouzwa iwe na gramu 4 kwa kilo, yaani mara kumi au zaidi. Wataalamu waliikuza kizazi baada ya kizazi, wakibadilisha chembe zake za urithi na kuchagua zile zilizokuwa nyekundu zaidi, kama mkulima achaguavyo mbegu ya mahindi yenye mazao bora.

Sasa tuna hamira inayokuzwa katika mapipa makubwa, isiyohitaji shamba wala kungojea msimu. Hula sukari, na yaweza kula hata molasi, ule uji mweusi unaobaki viwanda vikishatengeneza sukari. Mtu anayeishi katika nchi yenye mashamba ya miwa, kama yetu, hawezi kuacha kutega sikio.

SHIDA YA RANGI TUNAZOZITUMIA

Sasa nirudi kwenye swali la wazazi. Si kila rangi ya kiwandani ni sumu, na zilizoidhinishwa zimepimwa na kuwekewa vipimo. Hata hivyo, kuna sababu za kuwa mwangalifu.

Mwaka wa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto 153 wenye umri wa miaka 3 na wengine 144 wa miaka 8 na 9 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za viwandani pamoja na dawa ya kuzuia chakula kuoza. Kwa wastani, watoto walipokunywa mchanganyiko huo walizidi kuhangaika na kukosa utulivu. Madhara hayo hayakuwa makubwa, na hayakumpata kila mtoto. Lakini tangu Julai 2010, Muungano wa Ulaya umetaka vyakula vyenye rangi sita zilizohusika viandikwe onyo kwamba huenda vikaathiri utendaji na umakini wa watoto. Katika vibandiko rangi hizo hutambulika kwa nambari E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Iandike orodha hiyo kwenye kikaratasi ukatembee nayo dukani.

Rangi nyingine nyekundu, E127, iligunduliwa zamani kuwasababishia panya dume uvimbe wa saratani katika tezi ya shingoni. Haijathibitishwa kwamba humdhuru binadamu kwa njia hiyo, lakini Januari 2025 Marekani iliiondolea kibali katika chakula, na viwanda vya chakula vikapewa hadi Januari 2027 kuiacha.

Mbaya zaidi ni rangi ambazo hazikukusudiwa kuliwa kabisa. Rangi iitwayo Sudan I ni ya kutia katika nta na bidhaa nyingine za viwandani. Mwaka wa 2005 iligunduliwa nchini Uingereza katika pilipili ya unga iliyokuwa imeingizwa katika mchuzi wa chupa, na zaidi ya aina 400 za vyakula zikaondolewa madukani. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu vitu vinavyotiwa rangi nyumbani na kuuzwa mitaani. Muuzaji hana nia mbaya, lakini kijikopo cha rangi alichonunua hakina kibandiko, wala hana kijiko cha kupimia.

USIDHANI KILA KITU CHA ASILI NI SALAMA

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, maana neno "asilia" limekuwa chambo cha wafanyabiashara. Uyoga wenye sumu ni wa asili, na sumu ya nyoka vilevile.

Rangi nyekundu iitwayo kamini, E120, hutolewa kwa wadudu waliokaushwa na kusagwa. Imetumika kwa karne nyingi, lakini kuna watu wachache ambao miili yao huikataa vikali kiasi cha kuvimba koo na kushindwa kupumua. Ndiyo sababu tangu 2011 Marekani huwataka watengenezaji waitaje kwa jina. Kwa Mwislamu au mtu asiyekula wanyama, kuna sababu nyingine ya kutaka kujua kilichomo.

Kanthaksanthini, ndugu ya karibu wa astaksanthini, iliwahi kuuzwa kwa Wazungu katika vidonge vya kuifanya ngozi iwe ya kahawia bila kuota jua. Madaktari wa macho wakaanza kukuta fuwele za rangi ya dhahabu zimejikusanya ndani ya macho ya watumiaji. Kitu kilichokuwa kikimpendeza samaki hakikumfaa binadamu kwa kiasi kile.

Kisha kuna kisa cha beta-karotini, ambacho kila daktari angepaswa kukikumbuka. Ilijulikana kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Watafiti wa Finland wakawapa wanaume wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, miligramu 20 kila siku, katika uchunguzi uliohusisha wanaume 29,133. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1994, yalikuwa kinyume cha matarajio: waliomeza vidonge walipatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Uchunguzi mwingine wa Marekani, ambapo beta-karotini ilitolewa pamoja na vitamini A, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwa sababu kama hiyo, baada ya ongezeko la asilimia 28. Karoti sahanini ni chakula. Kemikali iliyotolewa ndani ya karoti na kujazwa katika kidonge ni dawa, na dawa ina kipimo chake na watu isiowafaa.

Vipi kuhusu hamira zenyewe? Phaffia ina sifa moja inayonifurahisha kama tabibu. Hustawi penye nyuzi 20 hivi za joto, na haiwezi kukua katika nyuzi 37 za mwili wa binadamu. Baridi iliyoilea imeifanya isiweze kutuambukiza. Lakini si hamira zote nyekundu zilizo hivyo. Rhodotorula mucilaginosa hupatikana katika barafu na pia mahali pengi pa kawaida, na baadhi ya aina zake huvumilia joto la mwili. Mara chache huingia katika damu ya wagonjwa mahututi kupitia mipira iliyotiwa katika mishipa mikubwa, hasa wale ambao kinga yao imepungua. Dawa ya flukonazo, ambayo hutumika sana kutibu kuvu, haiiwezi. Yeyote atakayetaka kutengeneza rangi kutoka kwa hamira za aina hiyo hana budi kuthibitisha kwamba hakuna chembe hai iliyobaki katika bidhaa.

RANGI NA MACHO YA MTOTO

Usiyaone haya kama mambo ya mapambo peke yake. Beta-karotini ikifika mwilini hugeuzwa kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo huanza kwa kushindwa kuona vizuri jioni, kisha macho hukauka na kuharibika, na surua au kuhara humwangusha upesi kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya watoto 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huo, na nusu yao hufa katika muda wa miezi 12.

Kwa hivyo hamira yenye beta-karotini nyingi yaweza siku moja kutia rangi na lishe kwa pamoja. Tayari kuna kuvu mwingine, asiye hamira, anayetumiwa kutengeneza beta-karotini inayotiwa katika vyakula Ulaya. Lakini fahamu tofauti hii: astaksanthini ya Phaffia haitegemewi kuupa mwili wa binadamu vitamini A. Vidonge vyake huuzwa kwa madai ya kuondoa makunyanzi, kuimarisha moyo na kuongeza nguvu. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka wa 2020 kwamba miligramu 8 kwa siku ni salama kwa mtu mzima. Kuwa salama si kuwa dawa. Haijathibitishwa kutibu ugonjwa wowote, na ukiwa na shinikizo la damu au kisukari, usiache tembe zako kwa ajili yake.

Jambo jingine ninaloliona mara kwa mara ni mzazi kuleta mtoto ambaye viganja na nyayo zimekuwa za manjano, akihofia homa ya nyongo ya manjano. Nikiuliza, nakuta mtoto amekuwa akilishwa boga na karoti asubuhi na jioni. Tazama weupe wa macho. Ukiwa bado mweupe, huenda ni karotenoidi zilizojaa ngozini, nazo hazina madhara, zitapungua ukibadilisha chakula. Ukiwa wa manjano, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

VIKWAZO VILIVYOBAKI

Kwa nini basi rangi za hamira bado hazijajaa madukani? Kwanza ni gharama. Hamira ya baridi inataka ubaridi, na kupoza pipa kubwa katika nchi ya joto ni kuchoma umeme. Pili, ukuta wa chembe ya hamira ni mgumu. Usipovunjwa, rangi hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Tatu, karotenoidi huharibiwa na mwanga na hewa, na kwa kuwa hazikubali maji, si rahisi kuzitia katika soda au sharubati. Nne, kila rangi mpya lazima ipimwe kwa miaka kabla ya kuidhinishwa kwa binadamu, na hivyo ndivyo inavyostahili kuwa.

Kumbuka pia kwamba sisi wenyewe si wageni katika biashara hii. Wakulima wa Kwale na Lamu wamekuwa wakilima biksa, ule mzingifuri wenye mbegu nyekundu, ambao rangi yake husafirishwa nje kutia jibini na siagi. Rangi ya biksa nayo ni karotenoidi. Ujuzi wa kuitoa, kuipima na kuihifadhi ndio uleule utakaohitajika kwa hamira.

UFANYE NINI LEO?

Huhitaji kungojea maabara. Soma kibandiko, na kama chakula cha mtoto kina nambari nilizozitaja, kiwe cha mara mojamoja, si cha kila siku. Usinunue chakula chenye rangi kali kisichokuwa na jina la mtengenezaji wala alama ya shirika la KEBS. Ukipika nyumbani, manjano, juisi ya viazisukari vyekundu, karoti iliyopondwa na mafuta ya mawese vitakupa rangi za kutosha kwa pilau, keki au uji.

Mpe mtoto sukuma wiki, mchicha, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta mwili hauwezi kuzipokea vizuri karotenoidi zilizomo. Mpeleke kliniki apewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, tangu anapotimiza miezi 6 hadi miaka 5. Kama unavuta sigara, usimeze vidonge vya beta-karotini. Iache sigara yenyewe. Na ukimwona mtoto amevimba midomo au anapumua kwa shida baada ya kula kitu cha rangi, mkimbize hospitali, na ubebe karatasi ya kitu hicho ili daktari ajue alichokula.

Rangi ya hamira za barafuni imeonyesha uwezo wake kwa samaki. Kwa watoto wetu, ithibitishwe kwanza. Kwa sasa, karoti ya sokoni bado inauzwa kwa bei ya kuridhisha, na haina haja ya kibandiko.